Gemu kupitia waya wa umeme: CPL katika lupango yetu ya Bel-Air

Kabla hujailaani kampuni inayokuuzia intaneti, pima kwanza njia iliyo ndani ya nyumba yako. Nasema hivi kwa sababu nimewaona vijana wengi wa Lubumbashi wakihama kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, wakichangishana dola za modemu mpya, na bado mchezo unakwama palepale, saa mbili usiku, timu nzima ikiwa imeshaingia uwanjani. Mara nyingi kosa haliko kwenye mnara. Liko kwenye mita 15 za matofali zilizo kati ya ruta na meza yako. Hapo ndipo inapoingia CPL (kwa Kifaransa, courants porteurs en ligne): vifaa vinavyopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme za nyumba.

Kupima ni rahisi na hakuna gharama. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, andika ping, kisha anwani ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, halafu malizia kwa -t ili kipimo kisisimame. Kiache kiende jioni nzima mkiwa mnacheza. Hapo hupimi seva za Johannesburg wala za Ulaya. Unapima safari ya kutoka mashine yako hadi ruta na kurudi, basi. Kwa kebo ya mtandao ya RJ45 jibu linarudi ndani ya milisekunde moja au chini yake, na linakaa hapohapo. Kwa Wi-Fi iliyochoka utaona 3, 4, 180, 5, 260, kisha pakiti imepotea. Wastani wake unaweza kuonekana mzuri tu, lakini ile 260 ndiyo inayokuua, maana imekuja wakati adui ametokea mlangoni.

Umbali wa nje hauna dawa. Seva za Counter-Strike 2, mchezo wa risasi wa timu, zilizo karibu nasi ziko Johannesburg. Kutoka Lubumbashi hadi kule, ukinyoosha mstari, ni kama kilomita 1,600. Mwanga ndani ya nyuzi za faiba hukimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kushuka chini ya milisekunde 16 hata kama nyaya zingepita moja kwa moja porini, na hazipiti hivyo. Hizo tunazilipa wote. Zile za ndani ya nyumba ndizo zinazoniuma, kwa sababu zinaweza kuondolewa.

Nyumba yetu iko Bel-Air, komini ya Kampemba. Ni nyumba ya zamani, ya matofali ya kuchoma, kuta nene, ambayo baadaye iligawanywa ili wapangaji waenee. Mbele anakaa mama mwenye lupango, yaani kiwanja na nyumba iliyomo. Pembeni kuna saluni ya nywele inayotazama barabara. Nyuma ndiko tuliko sisi wengine: yaya mmoja, yaani mkubwa wetu kwa umri, anayefanya kazi ya ufundi, mzee mstaafu, na mimi mwisho wa korido. Ruta iko sebuleni kwa mama kwa sababu intaneti inaingilia pale, na kwa sababu yeye ndiye anayetoa sehemu kubwa ya mchango. Kati ya sebule yake na chumba changu kuna ukuta wa jiko, ukuta wa bafu wenye mabomba, na konjeleta (friza). Wi-Fi ya 5 GHz inafia jikoni. Ile ya 2.4 GHz inafika, lakini inafika ikiwa imesongwa na Wi-Fi za majirani wote wa barabara yetu. Kutoboa ukuta ili kupitisha kebo kumekatazwa kwenye mkataba, na mama halegezi kwa hilo.

Sichezi ili kuua muda. Wenzangu niliosoma nao wametawanyika: mmoja yuko Kolwezi kwenye migodi, wengine wawili Likasi, mmoja alivuka mpaka wa Kasumbalesa akaendelea hadi Afrika Kusini. Saa mbili ya usiku, tukiweka vifaa vya masikioni, tunakuwa tena kwenye benchi moja. Tunaulizana habari za wazazi, tunapeana michongo ya kazi, tunatukanana kidogo, tunacheza. Mchezo ukikwama, mazungumzo nayo yanakatika katikati ya neno. Kwa hiyo ndiyo, nililichukulia jambo hili kwa uzito, na sioni aibu.

Kifaa chenyewe, ukienda mjini kuuliza dukani, omba CPL. Huuzwa viwili viwili. Kimoja unakichomeka kwenye prizi (soketi ya umeme) karibu na ruta na kukiunga nayo kwa kebo fupi, cha pili kwenye prizi ya chumbani, na kebo nyingine fupi inaingia kwenye kompyuta au konsoli. Kati yao data inapita kwenye nyaya zilezile za umeme zilizomo ukutani. Umeme wetu ni wa volti 220 na unatikisika mara 50 kwa sekunde; CPL inaongeza juu yake mawimbi membamba yanayotikisika mara milioni 2 hadi milioni 30 kwa sekunde, na aina mpya hupanda zaidi, hadi karibu milioni 86. Taa haiyaoni, friji haiyaoni. Wazo si geni: makampuni ya umeme duniani yamekuwa yakipitisha simu kwenye nyaya zao za msongo mkubwa tangu miaka ya 1920. Kilichokuja baadaye ni vifaa vya nyumbani: kiwango cha kwanza cha HomePlug mwaka 2001, HomePlug AV mwaka 2005, kisha AV2 mwaka 2012. Kuna familia nyingine inayoitwa G.hn, na haiongei na HomePlug hata kidogo. Ukinunua kimoja leo na kingine mwezi ujao, hakikisha ni wa ukoo mmoja.

Namba kubwa ya kwenye boksi usiiamini. 600, 1000, 2000: hizo ni kasi za maabara kwa megabiti, zimejumlisha kwenda na kurudi pamoja na data ambayo vifaa hivyo vinaitumia kuelewana vyenyewe. Ukipata theluthi yake nyumbani una bahati, na katika nyumba kama yetu unapata pungufu ya hapo. Tena vingi vilivyoandikwa 600 vina tundu la kebo la megabiti 100 tu, kwa hiyo hata ukuta ungekuwa wa dhahabu usingeona zaidi. Kwa gemu hilo halinisumbui. Mechi ya mtandaoni kwa kawaida inakula karibu megabiti moja kwa sekunde au chini yake. Kinachotafutwa ni pingi, yaani ule muda wa kwenda na kurudi, kutulia, na CPL kwenye waya mzuri inaongeza milisekunde chache tu, ikikaa hapohapo.

Neno zito hapo ni waya mzuri.

Mawimbi ya CPL ni dhaifu sana, na waya wa umeme ulibuniwa kubeba nguvu. Kila kitu kinachopiga kelele kwenye waya huo kinayafunika, sawasawa na mtu anayenong'ona kando ya mashine ya kusaga mahindi. Hapa ndipo nyumba ya watu wengi inapokuwa tofauti na nyumba ya mtu mmoja. Vifaa vyangu naviweza. Lakini waya ni mmoja kwa lupango nzima, na kelele ya chumba cha mbele inanifikia mimi nyuma.

Kuwinda kelele hizo ndiko kulikonifundisha zaidi, na kulinivunjia dhana niliyokuwa nayo. Kila mtu hufikiri kwamba mkosaji ni kifaa kikubwa. Mama akiwasha resho, lile jiko la umeme, kupika bukari, ampuli (balbu) zote zinafifia, basi unasema hapo ndipo mchezo unapokufa. Si kweli. Resho ni koili ya waya inayopata moto; inavuta umeme mwingi, inashusha volti, lakini iko kimya. CPL nyingi zinakubali kuanzia volti 100 hadi 240, hivyo volti ikishuka kiasi hazijali. Nilikaa na kipimo cha ping kikienda huku resho inawaka na kuzimwa, na namba hazikutikisika.

Kisha yaya wa ufundi akarudi kazini, akachomeka chaja ya simu. Chaja ndogo, nyeupe, nyepesi mkononi, aina inayouzwa kando ya barabara pale soko la Kenya. Taa ya CPL yangu ikatoka kijani ikawa ya machungwa. Pingi ikaanza kuruka. Nikamwomba aichomoe, ikatulia. Aichomeke tena, ikaruka. Tulitazamana.

Sababu ni hii. Chaja za sasa zinakatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde ili kuushusha hadi volti 5. Ukatikataji huo unatoa kelele inayopanda hadi kwenye masafa ya CPL. Chaja iliyotengenezwa kwa uaminifu ina kichujio ndani kinachozuia kelele isirudi ukutani. Kwenye ile ya bei ya chini, kichujio ndicho kitu cha kwanza kuachwa. Ndiyo maana ni nyepesi. Vivyo hivyo kwa ampuli za LED za bei ya chini na adapta za kisimbuzi cha televisheni.

Wa pili ni mota zenye brashi. Mashine ya kukaushia nywele, drili, blenda: ndani yake brashi za kaboni zinasugua na kutoa cheche ndogo bila kukoma, na cheche ni kelele kwenye kila masafa. Jumamosi saluni inapojaa, wanawake wamepanga foleni kwa ajili ya harusi za jioni, CPL yangu inaumwa. Siwezi kumwambia mtu azime mkate wake ili mimi nicheze, na sikumwambia. Jumamosi mchana mechi zetu tumezisogeza hadi usiku, baada ya saluni kufungwa.

Kuna dawa ndogo inayosaidia kuliko watu wanavyojua. CPL nyingi zina prizi yake yenyewe mbele, na kwenye modeli nzuri prizi hiyo ina kichujio. Kwa hiyo unachomeka CPL moja kwa moja ukutani, halafu ralonji (waya wa kurefusha wenye soketi) yenye chaja, skrini na kila takataka yako unaichomeka kwenye prizi ya CPL. Kelele inaishia kwenye kichujio. Nilimpa yaya kichujio kidogo cha namna hiyo kwa ajili ya chaja yake, na yeye akanisaidia kukaza prizi yangu iliyokuwa ikilegea. Resho usiichomeke hapo, na pasi pia hapana. Soma kikomo cha ampea kilichoandikwa kwenye kifaa, maana prizi hiyo haikutengenezwa kwa mizigo ya jikoni.

Kinyume chake ndicho wengi wanachofanya: wanaichomeka CPL kwenye ralonji, na ralonji kwenye stabilizata. Hapa Lubumbashi volti inapanda na kushuka, kwa hiyo nani hana stabilizata? Lakini ndani yake kuna transfoma, na transfoma haipitishi mawimbi ya CPL, inayazima. Ralonji zenye kinga ya radi nazo zinayamega. Stabilizata ibaki kwa televisheni na kompyuta. CPL iende ukutani, uchi.

Halafu kuna fazi, yaani nyaya za moto zinazoleta umeme. Nyumba nyingi kubwa za zamani huingiza umeme wa fazi tatu, na fundi aliyegawa vyumba aligawa na fazi: mbele hii, nyuma ile. Kwetu ipo hata swichi ya kuhama, kwa sababu fazi moja ikiondoka jioni tunahamia iliyobaki. CPL mbili zikiwa kwenye fazi tofauti hazina waya wa moja kwa moja unaoziunganisha. Mawimbi yanaruka tu pale nyaya zinapolala ubavu kwa ubavu, na yanafika yakiwa yamekonda. Ndiyo maana siku nyingine mchezo ni laini na siku nyingine umekufa bila mtu kugusa chochote. Mtu amehamisha swichi. Ukitaka kujua, mwombe anayeijua mbao ya umeme ya nyumba akwambie prizi gani ziko fazi gani, halafu uchague prizi ya ruta kulingana na hilo. Usiifungue mwenyewe kama hukufundishwa.

Boksi za AV2 zinajisifu pia kwamba zinatumia waya wa tatu, ule wa ardhi, kupata njia ya ziada. Ni kweli zinautumia. Lakini prizi nyingi za vyumba vyetu zina matundu mawili tu, na hata zenye tundu la tatu, nyuma yake mara nyingi hakuna waya uliofika. Usilipie usichoweza kukitumia. Pesa hiyo ni bora uiweke kwenye waya wenyewe.

Mama mwenye lupango alipoona kifaa kinawaka taa sebuleni kwake, alisimama nacho kidogo.

“Mtoto, hii kintu yako haitatuchomea nyumba?”

“Hapana, mama. Inakula umeme kidogo kuliko ampuli.”

“Na nani anailipa huo kidogo?”

Lilikuwa swali la haki. Tulikubaliana niongeze kidogo kwenye mchango wa umeme, na tangu hapo kifaa kile kina heshima kama friji. Ninawashauri wote wanaoishi kwa kupanga: usikichomeke kimyakimya. Kitu kisichoelezwa ndicho cha kwanza kuchomolewa mtu akitafuta prizi ya kuchaji simu.

Jambo la usiri nalo lisiachwe. CPL za ukoo wa HomePlug AV zikitoka kiwandani zote zina ufunguo mmoja, jina lake HomePlugAV. Mawimbi hayasimami kwenye mlango wa chumba chako, na anexe (nyumba ndogo za pembeni) zilizo kwenye mita moja ya umeme ziko ndani ya njia moja. Jirani akinunua za kwake na wote mkaacha ufunguo wa kiwandani, mmeshaingiliana mitandao. Bonyeza kitufe cha kuunganisha kwenye kimoja, kisha ndani ya dakika mbili ubonyeze kwenye cha pili. Vitatengeneza ufunguo wao na data itafungwa kwa AES ya biti 128. Ni kazi ndogo sana kuacha kuifanya.

Hata mkitenganisha funguo, waya unabaki mmoja. Vifaa vya CPL havisemi kwa pamoja, vinapokezana. Yaya akiweka ya kwake na kuanza kushusha filamu, mimi nasubiri zamu. Na hata asipokuwa nayo, akipandisha video kubwa kupitia Wi-Fi, pakiti zangu zinakaa foleni ndani ya ruta na pingi ya nje inapaa, ingawa pingi ya ndani imetulia kabisa. Hili, CPL hailigusi. Linatibiwa kwenye ruta: ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kugawa kipaumbele, na uweke kikomo cha kupakia chini kidogo ya kile ambacho laini yenu inaweza. Kwetu tulikubaliana video zipandishwe asubuhi. Makubaliano hayo yalifanya kazi kubwa kuliko kifaa chochote.

Mzee mstaafu ndiye niliyemwonea huruma. Yeye husikiliza habari za jioni kwenye redio ya mawimbi mafupi, na masafa hayo yamo ndani ya yale ya CPL. Vifaa hivi vimewekewa mapengo kwa ajili ya masafa ya wapenzi wa redio, lakini vituo vya kawaida vya mawimbi mafupi havikuachiwa nafasi. Redio yake ilianza kukwaruza. Tuliihamisha kutoka kwenye umeme tukaitia betri, tukaisogeza dirishani mbali na ukuta, ikapona kiasi cha kusikilizika. Na wakati wa habari, mimi sichezi. Nusu saa haimpunguzii mtu kitu, na yeye ni mzee wetu.

Kuhusu delestaji, yaani mgao wa umeme, sina maneno mengi. Umeme ukikatwa, betri ya mama na konverta inayogeuza umeme wake inalisha sebule yake tu, pamoja na ruta. Prizi zangu zimekufa, CPL imekufa, narudi kwenye simu na Wi-Fi dhaifu, natuma ujumbe kwa timu kwamba nimetoka. Jenereta ikiwaka, vifaa vinaamka, lakini konverta na jenereta za bei ya chini zina kelele zake, na kasi inashuka.

Kwa hiyo, ukiniuliza ninunue CPL au la, jibu langu linaanza na swali: mwenye nyumba anakubali kebo? Akikubali, hata ya kupita juu ya mlango na kando ya dari, vuta kebo. Mita 20 za RJ45 zinashinda CPL ya aina yoyote, kila jioni, bila kujali chaja ya nani imechomekwa wapi. Asipokubali, na Wi-Fi imeshindwa kwenye kile kipimo cha ping, hapo CPL ni chaguo la haki, na kwangu imerudisha mechi ambazo nilikuwa nimeziacha. Ila usilipe mpaka muuzaji amekubali kuirudisha. Chukua zote mbili, zichomeke ukutani nyumbani, acha ping iende kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, wakati lupango yote imerudi na kila kitu kimechomekwa. Mchana wa saa nane, nyumba ikiwa tupu, kila CPL ni nzuri.